Wali wa Jeshi, Kuku wa Raia

Kuku wa maabara ya Batavia, jiji ambalo leo ni Jakarta, walianza kuyumba tarehe 10 Julai 1889. Kwanza ulibadilika mwendo: kuku akikanyaga kwa wasiwasi, miguu ikimlegea, akitaka kurukia ubao wa kulalia anaanguka. Siku chache baadaye analala ubavu, mbawa zimelegea, anahema kwa taabu, na undu wake uliokuwa mwekundu umegeuka rangi ya buluu iliyokolea. Kisha anakufa.

Aliyekuwa akiwatazama ni Christiaan Eijkman, daktari wa jeshi la Uholanzi mwenye umri wa miaka 30. Alichokuwa akikitafuta ni chanzo cha beriberi, ugonjwa ambao kwa binadamu nao huanzia miguuni: ganzi, udhaifu, halafu ama kupooza ama kuvimba mwili hadi moyo unashindwa kazi. Beriberi ilikuwa ikiwaangamiza askari waliopelekwa kupigana Aceh, kaskazini mwa Sumatra, pamoja na wafungwa na mabaharia wa visiwa vilivyotawaliwa na Uholanzi. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi iliwatuma wataalamu wawili, Cornelis Pekelharing na Cornelis Winkler, wakachunguze, na Eijkman akaenda nao kama msaidizi. Zama zile ndizo za kusaka vijidudu. Robert Koch alikuwa amekwisha kumwonyesha ulimwengu bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na Eijkman mwenyewe alikuwa amepitia maabara ya Koch mjini Berlin. Mabwana wale wawili walirudi kwao mwaka 1887 wakiamini kwamba bakteria wa beriberi amepatikana. Eijkman akabaki nyuma ili athibitishe.

Kuku alikuwa mnyama wa bei nafuu, rahisi kufuga. Eijkman aliwachoma baadhi yao sindano yenye vijidudu vilivyodhaniwa kuleta ugonjwa, na wengine akawaacha bila kuwachoma. Hao walioachwa ndio kiini cha habari hii. Kama kijidudu ndicho chanzo, waliochomwa wangeugua na wasiochomwa wangebaki wazima. Matokeo yakawa kwamba kuku wote waliugua, waliochomwa na wasiochomwa.

Wapo watafiti wengi ambao wangeona jaribio limeharibika, wakanunua kuku wengine na kuanza upya. Eijkman alilichukulia kundi lile la kulinganishia kama shahidi. Labda, aliwaza, wameambukizana. Akamfungia kila kuku kwenye kizimba chake; bado wakaugua. Akawahamishia mahali pengine, mbali na maabara. Safari hii ugonjwa ukakoma, na hata waliokuwa wagonjwa wakapona. Je, basi, mahali ndipo palipokuwa na sumu?

Jibu lilitoka jikoni. Ilibainika kwamba mtumishi aliyewalisha kuku, ili kubana matumizi, alikuwa akichukua wali uliobaki kwenye jiko la hospitali ya jeshi, wali mweupe wa mchele uliokobolewa hadi ukang'aa. Kisha mpishi akabadilishwa. Mpishi mpya alikataa kabisa wali wa jeshi upelekewe kuku wa raia, na kuku wakarudia chakula chao cha zamani. Eijkman alifuatilia tarehe: wali mweupe ulianza kutolewa tarehe 17 Juni na ukakoma tarehe 27 Novemba. Ugonjwa ulizuka tarehe 10 Julai na ukatoweka siku za mwisho za Novemba.

Kulingana kwa tarehe hakutoshi, na sifa ya Eijkman ni kwamba alilijua hilo. Ndipo ilipoanza kazi ya miaka. Aliwalisha kuku wa kundi moja mchele mweupe na wa kundi jingine mchele ambao bado una ngozi yake nyembamba, huku mengine yote yakiwa sawa. Aliyekula mchele mweupe aliugua baada ya wiki 3 au 4. Je, ni maji ya kupikia? Ni ukale wa mchele, au ni kupikwa kwenyewe? Kila shaka ilipata jaribio lake. Mwishowe aliwapa kuku mchele uleule mweupe akauchanganya na pumba zake zilizotolewa kwenye kukoboa, na kuku hawakuugua. Kitu walichokuwa wakikitupa ndicho kilichokuwa kikiwalinda.

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na hoja hiyohiyo ya kundi la kulinganishia kupitia jani. Mmea huwekwa gizani hadi wanga uliomo kwenye majani uishe, kisha jani moja hufungiwa ndani ya chupa yenye myeyusho wa haidroksaidi ya potasiamu unaofyonza kabonidayoksaidi, mmea ukawekwa juani. Baadaye jani huchemshwa, hutolewa rangi yake ya kijani kwa spiriti na kudondoshewa iodini; likibaki hudhurungi, hakuna wanga. Kosa la kawaida ni kulilinganisha jani hilo na lile lililokuwa nje, kwenye hewa huru. Lakini jani la ndani ya chupa lilikuwa pia kwenye joto zaidi, unyevu zaidi na mwanga hafifu zaidi. Jani la haki la kulinganishia ni lile lililofungwa kwenye chupa ya aina ileile, yenye maji matupu. Mwalimu anayelisisitiza jambo hili anafundisha kitu kikubwa kuliko usanisinuru, na inasikitisha kwamba mitihani mingi huridhika na rangi ya iodini.

Jinsi uzembe wa aina hiyo unavyoweza kugharimu uhai wa watu inaonekana Japani. Kanehiro Takaki, daktari wa jeshi la majini aliyesomea London, aligundua kwamba beriberi iliwashika zaidi mabaharia wa kawaida waliokula wali mweupe kuliko maofisa waliokula vyakula mbalimbali. Mwaka 1883 meli ya mafunzo Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu ya New Zealand, Amerika ya Kusini na Hawaii. Kati ya watu 376 waliokuwamo, 169 walikuwa wameugua beriberi na 25 wamekufa. Takaki akaishawishi serikali itume meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ileile mwaka 1884, ila mabaharia wapewe nyama, maziwa na mikate kwa wingi. Waliougua hawakufika 20, hakufa hata mmoja, na wengi wa waliougua walikuwa wamekikataa chakula kipya.

Njia ilikuwa ileile, lakini mwaka haukuwa uleule, wala watu. Tena Takaki alibadilisha vyakula vingi kwa mpigo, na akaeleza kwamba tatizo ni upungufu wa protini, jambo ambalo halikuwa kweli. Jeshi la majini lilimsikiliza na beriberi ikatokomea melini. Madaktari wa jeshi la nchi kavu, waliosomea Ujerumani na kuamini vijidudu, walizishika kasoro hizo na kukataa. Kwenye vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905, zaidi ya askari 20,000 wa nchi kavu walikufa kwa beriberi. Lawama kubwa ni ya ukaidi wao. Hata hivyo, jaribio lenye mianya humpa mkaidi mahali pa kujificha.

Huko Java, kisiwa lilipo jiji la Batavia, Eijkman alimweleza habari za kuku rafiki yake Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya. Magereza ya Java hayakuwa na mchele wa aina moja. Kila moja lilifuata desturi ya eneo lake. Mwaka 1896 Vorderman aliyazungukia magereza 101 yaliyokuwa na jumla ya wafungwa karibu 280,000. Palipoliwa mchele wenye ngozi, gereza 1 kati ya 37 lilikuwa na beriberi. Palipochanganywa, 6 kati ya 13. Palipoliwa mchele mweupe, 36 kati ya 51. Hakuishia hapo: alikagua umri wa majengo, sakafu, hewa na msongamano wa watu, na hakuna kati ya hayo lililoeleza tofauti ile.

Hata hivyo, Vorderman alihesabu tu alichokikuta. Hakuna aliyeyagawa magereza yale, na mpinzani angeweza kusema kuna jambo jingine linaloandamana na mchele mweupe ambalo mkaguzi hakuliona. Ilibidi mtu agawe watu.

Aliyefanya hivyo ni William Fletcher, daktari wa Kiingereza kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kuala Lumpur, Malaya. Mwaka 1905 beriberi ilikuwa imeua wengi hapo. Nchini humo palikuwa na mabishano: Leonard Braddon, daktari mwenzake, alisema Wachina wanaokula mchele mweupe wa Siam ndio wanaougua, ilhali Watamil, ambao mpunga wao huchemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa, wananusurika. Wengine walishikilia kwamba ni majengo yenye vijidudu. Mwishoni mwa mwaka huo Fletcher aliwapanga wagonjwa wote kwa mstari kwenye banda la kulia chakula, wakahesabiwa kuanzia kushoto. Waliopata namba witiri walipelekwa wodi ya mashariki, wakaendelea na mchele mweupe. Waliopata namba shufwa walikwenda wodi ya magharibi, wakapewa mchele uliochemshwa ungali na maganda. Vyakula vingine vyote vilikuwa sawa.

Hapo tayari alikuwa amewapita wote waliomtangulia: mwaka mmoja, hospitali moja, watu waliogawanywa na namba badala ya kabila au cheo. Bado palikuwa na mwanya mmoja, nao Fletcher aliuona. Makundi yalilala wodi mbili tofauti. Je, kama wodi ya mashariki ndiyo yenye ugonjwa? Katikati ya mwaka uliofuata akayabadilishia wodi, kila kundi likaenda na mchele wake. Ugonjwa ulihama pamoja na mchele mweupe. Kufikia mwisho, kati ya watu 120 waliokula mchele huo, 34 walikuwa wameugua na 18 wamekufa. Kati ya 123 wa kundi jingine, wagonjwa walikuwa 2 tu, ambao walilazwa wakiwa na ugonjwa tayari, na hakuna aliyekufa.

Ni mpango mzuri wa kisayansi, na ni vigumu kuusoma bila kuumia. Watu wale hawakuwa na uwezo wa kukataa. Kundi moja liliachwa na mchele mweupe hadi mwisho, vifo vikiendelea kuandikwa daftarini. Siku hizi jaribio la namna hiyo lina kamati inayochungulia matokeo katikati ya safari, yenye mamlaka ya kulisimamisha. Fletcher hakuwa na wa kumwambia asimame. Muda mfupi baadaye, Henry Fraser na Thomas Stanton walilirudia jaribio kwa vibarua 300 wa Kijava waliokuwa wakijenga barabara msituni Durian Tipus. Jibu likawa lilelile.

Nani alikuwa na maelezo sahihi? Wala si Eijkman. Yeye aliamini wanga una sumu na ngozi ya mchele ina dawa ya kuipoza. Gerrit Grijns, aliyempokea kazi Eijkman alipoondoka Java mwaka 1896 akiumwa, aliibana hoja hiyo kwa jaribio moja la werevu mkubwa: aliwalisha kuku nyama iliyopashwa moto mkali kwa muda mrefu, bila wanga wowote. Wakaugua vilevile. Choroko, kwa upande mwingine, ziliwalinda. Mwaka 1901 Grijns aliandika kwamba chakula kina vitu ambavyo mwili hauwezi kuvikosa bila mishipa ya fahamu kudhurika. Barend Jansen na Willem Donath walikitoa kitu hicho kwenye pumba za mchele, kikiwa chembechembe safi, mwaka 1926 huko Batavia. Ni thiamini, yaani vitamini B1, ambayo tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuiongeza kwenye unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa. Mpunga wa Watamil uliwalinda kwa sababu kuuchemsha na maganda huiingiza vitamini hiyo ndani ya punje kabla ya mashine kuondoa ngozi. Tuzo ya Nobel ya 1929 walipewa Eijkman na Mwingereza Frederick Hopkins. Grijns hakupewa chochote, na hilo halikuwa haki.

Mwanya mmoja wa Fletcher ulingoja miaka 40. Namba witiri na shufwa zinatabirika: anayeujua mpangilio anaweza kumsogeza mgonjwa dhaifu hatua moja kwenye mstari, kwa huruma tu, na tayari makundi hayako sawa. Ronald Fisher, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza, kuanzia 1919, ndiye aliyetetea ugawaji wa bahati nasibu kwa hoja za hesabu. Mwaka 1948 Waingereza walichapisha jaribio la dawa ya streptomisini dhidi ya kifua kikuu ambamo jina la kundi la kila mgonjwa lilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na waliosoma picha za eksirei hawakuambiwa picha ni ya nani. Baada ya miezi 6, kati ya 55 waliopata dawa walikuwa wamekufa 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, 14.

Kuanzia 1970 utaratibu huo ulitumika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wakati ule mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa kumeza dawa kwa miezi 18, na wengi waliacha njiani mara kikohozi kilipotulia. Watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: wengine dozi za miezi 6, wengine ile ya miezi 18, ambayo ilikuwa kipimo cha kulinganishia. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Dozi fupi zenye dawa ya rifampisini ziliwaponya wagonjwa, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache.