Vichochoro vya Orangi



Utokapo nyumbani kwenda kusali alfajiri, tazama chini. Katika mitaa yetu mingi ya pwani utakuta maji machafu yamekatiza njia, nawe una udhu wako, kanzu umeinyanyua kwa vidole, waruka kama mtoto. Ukimwuliza jirani maji haya ni ya nani, atakwambia ni ya baraza la mji. Ukiwauliza wa baraza, watakwambia fedha hazijaja. Baina ya majibu mawili hayo, maji yabaki pale pale mpaka msimu mwingine wa mvua. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani, wala hakusema tawi hilo ni la baraza peke yake.

Nataka nikuhadithie khabari za mji mwingine wa Waislamu, mji wa bandari kama yetu, ambao majahazi ya huku na ya huko yamejuana tangu zamani. Mji huo ni Karachi, katika nchi ya Pakistani.

Upande wa kaskazini-magharibi wa mji huo pana mahali paitwapo Orangi. Watu walianza kujenga pale katika miaka ya 1960, na baada ya vita vya 1971, ilipozaliwa nchi ya Bangladesh, wakaja wengi zaidi. Walikuwa Wabihari waliokimbia mashariki, Wapathani, Wapunjabi, Wasindhi, na hata Wabulushi, ambao sisi watu wa pwani twawajua vizuri maana tunao humu humu. Walinunua viwanja kwa madalali, si kwa serikali, na kila mtu akajenga kwa jasho lake. Nyumba walizipata. Lakini vyoo vilikuwa vya ndoo au vya shimo, na maji ya jikoni na ya kuogea yalimwagwa kichochoroni. Watoto walicheza humo, na humo ndimo maradhi ya tumbo na homa yalimotoka.

Mwezi wa Aprili 1980 alifika pale mzee mmoja, Akhtar Hameed Khan. Yataka umjue kidogo mtu huyu. Alizaliwa Agra mwaka 1914, akasoma, akawa afisa mkubwa katika utumishi wa Waingereza katika Bara Hindi, cheo ambacho vijana wa wakati ule walikiota usiku. Ilipopita njaa kubwa ya Bengali ya 1943, moyo wake ukakikataa cheo kile, na mwaka 1945 akajiuzulu. Akaenda kijiji karibu na Aligarh akafanya kazi ya kibarua, akajifunza ufundi wa kufuli. Baadaye alikuwa mwalimu, na huko Comilla akapata sifa kubwa kwa kuwakusanya wakulima wadogo katika vyama vya ushirika. Alipotumwa Orangi, kwa fedha za sadaka alizozitoa Agha Hasan Abedi, mkuu wa benki, alikuwa na miaka sitini na mitano hivi. Umri wangu mimi huo, ndugu msomaji, umri ambao wengi wetu twaanza kutafuta mto wa kuegemea.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kutojenga kitu. Alitembea vichochoroni akauliza na kusikiliza. Watu wakamwambia shida yao kubwa ni maji machafu, na kwamba serikali haina budi kuja kuwajengea bure. Yeye akawajibu kuwa bure hiyo haipo. Gharama za makontrakta wa serikali zilikuwa kubwa mno hata mtu wa Orangi asingeweza kuzilipa maisha yake yote, na serikali nayo haikuwa na fedha wala haraka.

Basi akaona kuwa kizuizi si kimoja. Watu walidhani kazi si yao, gharama ilikuwa juu, ufundi hawakuwa nao, na juu ya hayo hawakuwa na umoja wa kuifanya. Gharama na ufundi alivitafutia wahandisi na wasanifu vijana, ambao walipunguza kila lisilo la lazima, wakatengeneza kalibu za chuma za kumwagia zege, na kwenye kila nyumba wakaweka chemba ndogo ya kuzuia taka nzito zisizibe bomba. Kontrakta akaondolewa pamoja na faida yake. Ikawa nyumba moja yaweza kupata choo na sehemu yake ya bomba la kichochoro kwa takriban rupia 1,000. Kwa masikini si fedha ndogo, lakini ilikuwa yapatikana.

Ama umoja, hapo ndipo penye somo. Mzee yule hakuitisha mkutano wa Orangi nzima. Aliichukua njia moja tu, yenye nyumba ishirini au thelathini. Watu wa njia ile wakamchagua mmoja wao awe msimamizi. Yeye ndiye aliyeomba msaada kwa ajili ya wenzake, na vijana wa mradi wakaja na vyombo vyao wakapima mteremko, wakachora ramani na kuandika hesabu ya kila kitu. Kisha msimamizi akapita nyumba kwa nyumba kukusanya fedha. Mradi haukushika hata rupia moja ya watu. Uliazima vyombo, ukafundisha, ukasimamia. Handaki wakalichimba wenyewe au wakamlipa kibarua wao.

Kwa nini nyumba thelathini? Kwa sababu katika nyumba thelathini kila mtu ajua nani ametoa na nani hajatoa, na simiti iliyonunuliwa iko mlangoni yaonekana. Nakumbuka ujanani mwangu mtaani kwetu tulichanga fedha za kukarabati kisima. Tulichanga mji mzima, kwa risiti na kwa mhazini, na mpaka leo kisima hakikukarabatiwa na waliochanga hawasemeshani. Hatukuwa watu wabaya. Fedha zilikwenda mbali na macho yetu. Amana yataka macho.

Wala usidhani mambo yalikwenda kama maji. Kazi za mwanzo zilikuwa na kasoro, zege lilikorogwa vibaya na halikumwagiliwa maji likakomaa, ikabidi wafundishwe upya. Na njia moja ikimaliza bomba lake, maji yake yaende wapi? Kwa jirani wa chini. Hapo njia ikalazimika kuzungumza na njia, Mpathani akakaa na Mbihari wakakubaliana maji ya huyu yapite mbele ya mlango wa yule, mpaka yafike kwenye makorongo ya mvua. Mwezi wa Desemba 1986 ukabila uliwaka katika Karachi, na katika mitaa ya Orangi watu wengi waliuawa, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baada ya damu ile mtu angesema kazi imekwisha. Lakini iliendelea, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya nyumba 90,000 zilipata mabomba kwa fedha za wenyewe.

Hapa yanipasa niseme neno kwa insafu, maana wako viongozi ambao wakisikia khabari kama hii hufurahi, wakaona wamepunguziwa kazi. Watu wa Orangi hawakusema hivyo. Walisema choo, bomba la kichochoro na bomba la mtaa ni juu yetu. Mfereji mkubwa na mahali pa kuyasafisha maji ni juu ya serikali. Upande wao waliutimiza. Upande wa pili ulichelewa sana, na sehemu kubwa ya maji machafu ya Karachi imeendelea kumwagika baharini bila kusafishwa. Mwenye kutimiza lake ana haki ya kudai la mwenziwe, na hudai kwa sauti nyingine kabisa kuliko ya mwombaji.

Nao walidai kwa ramani. Mzee Akhtar alifariki mwezi wa Oktoba 1999. Miongoni mwa vijana aliowalea alikuwa msanifu majengo, bibi Perween Rahman, aliyeingia kazini mapema katika miaka ya 1980. Yeye na vijana wa mitaani walipima makorongo na mabomba, wakaandika pia vijiji vya pembezoni na maji ya mji yaliyokuwa yakiibwa na kuuzwa kwa malori. Wako waliochukizwa na ramani hizo. Tarehe 13 Machi 2013, akirejea nyumbani kutoka kazini Orangi, alipigwa risasi garini akafa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wakati huo mamlaka ya maji ya Karachi ilikuwa imekwisha kuzitumia ramani za Orangi katika kupanga mifereji yake, kwa kuwa zilikuwa bora kuliko zake.