Injini Ilivyofundishwa Kunyamaza

Katika injini ambayo Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiunda Ujerumani mwaka 1885, vali ya kuingiza hewa haikusukumwa na chochote. Pistoni ilishuka, ikavuta, na vali ikafunguka kwa mvuto huo. Kwa injini ya mwendo wa taratibu mpango huo ulitosha. Kasi ilipoongezeka, vali ya kujifungua yenyewe ikawa inachelewa, na mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji wakakabidhi vali zote kwa kemshafti: nundu yake inainua tapeti, tapeti inasukuma vali. Kelele ya tapeti ilizaliwa hapo.

Haikuwa ugonjwa. Chuma kikipata moto hurefuka, na usipoacha mwanya mdogo kwenye njia ya tapeti na vali, injini ikishachemka vali haitakaa sawasawa kwenye kiti chake. Gesi ya moto itapenya na kuila pembeni. Peugeot 504, gari lililobeba watu na mizigo Afrika Mashariki kwa miaka mingi, lilisetiwa milimita 0.10 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutolea moshi, kwa kuwa vali ya kutolea ndiyo inayoungua zaidi. Mwanya ukiwepo, chuma kitagonga chuma. Ndiyo maana fundi mwenye fila, kipimo cha mwanya, mkononi alijua jambo ambalo mwenye gari hakulipenda: tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyo kimya. Mteja anayedai ukimya kamili katika injini ya aina hiyo anaweza kuondoka na vali inayoungua bila kutoa hata sauti.

Lakini matajiri walitaka ukimya. Charles Yale Knight, mchapishaji wa Chicago, alikerwa na kelele za vali za gari lake hadi akabuni injini isiyo na vali za kawaida kabisa. Ndani yake mirija ya chuma ilipanda na kushuka kuzunguka pistoni. Daimler ya Uingereza iliichukua kuanzia mwaka 1909. Ilikuwa tulivu kweli, ila ilikula oili na kufuka moshi, na hatimaye ikaachwa.

Njia iliyodumu ilitoka Ufaransa. Mwaka 1910 Amédée Bollée wa Le Mans alipata hataza ya tapeti inayojaa oili. Ndani ya tapeti ya haidroliki mna pistoni ndogo, springi na kigololi. Vali ikiwa imefungwa, pampu inasukuma oili kuingia na kuziba mwanya wote; nundu ikipanda, kigololi kinafunga mlango, na oili iliyonaswa inakuwa ngumu kama chuma. Cadillac ilitumia mfumo wa haidroliki katika gari lake la silinda 16 lililoonyeshwa mwaka 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia magari ya kawaida ya Marekani yakafuata.

Hapo maana ya kelele iligeuka, na hili ndilo linalosahaulika gereji. Katika injini ya fila, sauti ilieleza kipimo. Katika injini ya haidroliki, kwa kawaida sauti inaeleza oili. Ona V8 ya Rover: Buick waliitoa mwaka 1961 ikiwa na tapeti za haidroliki, Waingereza wakanunua haki zake, wakaiweka kwenye Range Rover ya 1970 na magari mengine mengi hadi karne hii. Injini hiyo ikikosa oili safi hujaa matope meusi, na tapeti zake huanza kulia. Nimeona watu wakikimbilia kununua seti nzima ya tapeti kabla hata ya kuchomoa kijiti cha oili. Inauma, kwa sababu fedha hizo zingetosha kusafisha injini na kubaki.

Anza kwa kusikiliza. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo tapeti hugonga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, kwa sauti nyembamba, juu ya injini. Mlio mzito wa chini ni jambo jingine na ni la hatari zaidi. Bisibisi ndefu, ncha kwenye kava ya vali na mpini sikioni, itakuonyesha silinda gani. Jihadhari na gasketi ya manifoldi ya ekzosti iliyopasuka: nayo hulia vilevile, ila huzidi gari likipanda mlima, na mara nyingi hupungua chuma kikipata moto.

Kisha uliza inalia lini. Asubuhi kwa sekunde chache tu? Oili ilishuka usiku, na mara nyingi si kitu, au filta haizuii oili kurudi chini. Ikilia wakati injini ni ya moto na imetulia, pima presha kwa geji ya kweli, usiamini taa ya dashibodi. Ikilia kwenye mwendo mkubwa, angalia kiasi: oili pungufu hufanya pampu ivute hewa, na iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu. Hewa hubonyea, na tapeti yenye hewa haina nguvu. Oili mpya ya uzito sahihi na filta nzuri vijaribiwe kabla ya spana yoyote.

Ikibaki tapeti moja inayolia, fungua. Itakayobonyea kwa kidole ndiyo mbovu. Usichanganye zilizobaki, kwani kila moja imelainishana na nundu yake. Irudi kwenye tundu lake. Na kabla ya kuweka mpya, ichunguze nundu yenyewe: ikiwa imelika, tapeti mpya itasagwa haraka, hivyo kemshafti ibadilishwe pamoja na tapeti zote.