Isidori Bakanja, Mwashi wa Mbandaka

Wako watu wadhanio ya kuwa dini ni kazi ya siku ya Mungu peke yake, na siku sita nyingine ni za bwana alipaye mshahara. Isidori Bakanja hakuona hivyo.

Alizaliwa katika kabila la Wamongo karibu mwaka 1885. Alipokuwa kijana alikwenda Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville, akashika kazi ya uashi. Huko alisikia mafundisho ya Mapadri Watrapista, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavikwa skapulari ya Bikira Maria. Skapulari ni vipande viwili vya nguo vivaliwavyo shingoni kwa uzi. Si hirizi, ingawa wengine huidhani hirizi hata leo. Ni alama ya mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Mungu.

Baadaye alikwenda kufanya kazi Ikili, mahali pa kompani ya mpira. Padri hapakuwa, wala kanisa. Bakanja alisali rozari yake, akawafundisha wafanyakazi wenzake sala alizozijua. Hakuna aliyemtuma.

Msimamizi wa Ikili, jina lake Van Cauter, aliwachukia wamisionari. Tukumbuke nyakati zile: Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa mfalme Leopold II na kupewa Ubelgiji mwezi wa Novemba 1908, na habari za mateso ya watu wa mpira zilikwisha kufika Ulaya, nyingine kwa vinywa vya wamisionari. Atawalaye kwa kiboko hapendi kuona watu wakikusanyika, hata kama katika sala zao halimo neno lolote juu ya mpira. Basi alimwamuru Bakanja kuivua skapulari. Alikataa, akapigwa. Mwaka 1909 msimamizi aliing’oa shingoni mwake, akaagiza apigwe kwa kiboko chenye misumari. Yalipita mapigo mia mbili. Mgongo wote ukawa kidonda, kisha akafungwa minyororo.

Wengine watauliza: kwa nini asingeificha chini ya nguo, maana Mungu huona moyoni? Lakini wale aliowafundisha walikuwa wakimtazama. Tena katika mambo ya kazi alimtii bwana wake. Alikataa neno hili moja tu.

Mkaguzi wa kompani alipokaribia, Bakanja aliondoshwa Ikili ili asionekane. Akajificha mwituni, akatoka mbele ya mkaguzi yule, mgongo wake ukiwa umeoza. Mkaguzi alimwokoa mikononi mwa msimamizi na kumpeleka Busira. Mwezi wa Julai mapadri wawili walikuja kumpa sakramenti, wakamsihi amsamehe aliyempiga. Akajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Kupalizwa Bikira Maria.

Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Maaskofu wa Afrika walikuwa Roma kwa ajili ya Sinodi, na katika mwezi uleule watu wa Rwanda, waliobatizwa kwa maji yaleyale, walikuwa wakichinjana. Pamoja na Bakanja walitangazwa wanawake wawili wa Italia, Elisabetta Canori Mora na Gianna Beretta Molla, kila mmoja mke wa mtu na mama wa watoto. Kati ya hao watatu hakuwamo padri wala mtawa.