Kujifungua kwa Kiingereza

Huku Uasin Gishu jina la mtu linaweza kukuambia alizaliwa saa ngapi. Kipkemboi alikuja usiku. Chemutai, asubuhi. Kiprop na Cherop walikuja na mvua. Kiprono alifika jioni, mbuzi na kondoo wakirudi nyumbani. Na Kipchoge, kabla dunia haijalijua jina hilo kwa sababu ya marathoni, ni mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Hiyo ilikuwa rekodi ya uzazi kabla ya faili: saa, hali ya hewa au mahali, vimewekwa kwenye neno moja ambalo kila jirani aliweza kulisoma.

Leo mtoto huyo huyo akizaliwa Eldoret mjini, rekodi yake ya kwanza inaweza kuwa hivi: "SVD, 0410hrs, live male infant." Yaani amezaliwa kwa njia ya kawaida, saa kumi na dakika kumi alfajiri, mvulana, yuko hai. Aliyefanya kazi yote ni mama yake, na mara nyingi yeye ndiye asiyeweza kusoma alichofanya. Tumefikaje hapo?

Eldoret yenyewe ilianza kama namba ya Kiingereza. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika hapa mwaka wa 1908, ardhi ikakatwa mashamba yenye namba, na mji ukamea kwenye shamba namba 64. Wenyeji wakachukua "sixty-four" wakaifanya Sisibo. Miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaja hospitali ndogo ya Waafrika, vitanda 60. Hiyo ndiyo ilikua polepole hadi ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ile tunayoita MTRH, na mwaka wa 2009 ikafunguliwa ndani yake Riley Mother and Baby Hospital kwa ajili ya akina mama na watoto wachanga. Nairobi nayo ilipata nyumba ya uzazi ya Pumwani miaka ya 1920, ikipewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana.

Kila jengo lilikuja na maneno yake: "ward", "labour", "delivery", "midwife". Na kama ilivyokuwa kwa Sisibo, watu hawakungoja ruhusa. "Labour" ikawa leba. "Ward" ikawa wodi. "Nurse" ikawa nesi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika kitabu kizima, mwaka wa 1999, kuhusu maneno ya uzazi katika hospitali ya wamishonari ya Yakusu, karibu na Kisangani, Kongo. Anaonyesha kwamba waliobeba tiba hiyo mpya kila siku ni manesi na wakunga wa Kiafrika waliosimama katikati, wakigeuza lugha ya daktari kuwa lugha ya mama. Ukienda leba wodi yoyote Kenya utawakuta bado. Daktari anaongea na faili, nesi anageuka na kusema, "Mama, usisukume bado."

Sasa hebu tuyafungue maneno yenyewe.

"Labour" ni kazi. Mzizi wake ni wa Kilatini, wenye maana ya kazi ngumu na taabu. Sisi tunasema uchungu. Mwingereza anaangalia jasho, sisi tunaangalia maumivu. Hakuna aliyekosea.

"Midwife" wengi hudhani ni "mke wa katikati". Hapana. "Mid" ya zamani ilimaanisha "pamoja na", na "wife" ilikuwa mwanamke yeyote. Midwife ni aliye pamoja na mwanamke. Wahenga wetu walimlinda mtu huyo kwa methali: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

"Delivery" ndiyo inanishika zaidi. Ilitoka kwenye neno la kuweka huru. Kiingereza cha zamani kilisema mama "was delivered of a child", yaani amefunguliwa, amewekwa huru. Karibu sana na kwetu, kwa sababu sisi tunasema amejifungua. Lakini angalia ile -ji-. Kwa Kiswahili mama anajifungua mwenyewe. Wengine wapo, wanashika mkono, wanashika taa, wanazalisha, lakini mwenye kitenzi ni yeye. Kiingereza cha hospitali kimegeuza sentensi: daktari "delivers the baby", kama boda anayeleta chakula mlangoni. Mama amekuwa mahali ambapo kitu kilichukuliwa.

Na kuna maneno yanayolaumu kabisa. Leba ikienda polepole, faili linaandika "failure to progress", ameshindwa kuendelea. Mlango wa uzazi ukifunguka kabla ya wakati unaitwa "incompetent cervix", kana kwamba umefutwa kazi. Mwenye miaka 35 akibeba mimba ya kwanza aliitwa "elderly primigravida". Elderly! Wengi wetu tutafika huko kabla hata ya kumaliza kulipa HELB.

Si kwamba Kiswahili kina upole tu. Wakati mwingine kinaonya vizuri zaidi. "Eclampsia" imetoka kwa Kigiriki, mmweko wa ghafla wa mwanga. Ni picha nzuri, lakini haimsaidii mtu. Kifafa cha mimba kinakwambia moja kwa moja kitakachotokea: degedege, na hatari. Dalili zake za mapema ni presha kupanda, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Mama akiambiwa "una pre-eclampsia, rudi Jumatatu", anaweza kwenda nyumbani kulala. Akiambiwa hiyo presha inaweza kuleta kifafa cha mimba, familia itatafuta gari usiku huo huo kichwa kikianza.

Hapo ndipo suala hili linaacha kuwa la kamusi. Mwaka wa 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba akina mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuamua kutafuta msaada, kufika kituoni, na kuhudumiwa ukishafika. Barabara na pesa zimo humo. Lugha nayo imo, hasa kwenye ya kwanza na ya tatu. Huwezi kuamua haraka juu ya hatari usiyoijua jina.

Na sasa karibu wote wanafika. Katika utafiti wa kitaifa wa 2008-09, asilimia 43 ya watoto Kenya walizaliwa kwenye vituo vya afya. Mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 61, na 2022 asilimia 82. Uzazi wa bure katika hospitali za umma, uliotangazwa Juni 2013, ulisukuma sana, kisha ukaja mpango wa Linda Mama. Jina la mpango Kiswahili safi. Ndani ya kadi: LMP, EDD, gravida, parity. Tuliwaita akina mama kwa lugha yao, tukawapokea kwa nyingine.

Herufi hizo si uchawi. LMP ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. EDD ni tarehe unayotarajiwa kujifungua, siku 280 baadaye, hesabu iliyopewa jina la Mjerumani Naegele. Gravida ni mara ngapi umebeba mimba. Parity ni mara ngapi umejifungua. CS ni kupasuliwa. PPH ni kuvuja damu nyingi baada ya kuzaa, mojawapo ya wauaji wakubwa wa akina mama nchini. Dakika tano, umemaliza. Kwa nini basi mtu afike mimba ya tatu bila kuambiwa?

Kuna waliojaribu. AMPATH, ushirikiano wa MTRH na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na vyuo vya nje, mwaka wa 2012 walianza chama za wajawazito magharibi mwa Kenya. Chama kama chama nyingine yoyote: mnaketi, mnaweka akiba, na mhudumu wa afya wa kijiji anaongoza mazungumzo ya mimba, kuzaa na kunyonyesha kwa lugha ya wenyewe. Wanawake wa chama hizo walijifungulia kituoni zaidi ya wenzao. Hawakupewa mashine mpya. Walipewa maneno, na watu wa kuyasema nao.

Sheria nayo iko upande wao. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Hii ni muhimu zaidi ile saa fomu ya upasuaji inaletwa kitandani, uchungu umeshika, na kalamu iko mkononi mwako. Sahihi ya mtu ambaye hajaelewa "fetal distress" ni wino tu. Mwambie mtoto amechoka tumboni, mapigo ya moyo yanashuka, inabidi tumtoe haraka. Hiyo ni nusu dakika hata kwa nesi mwenye wodi iliyojaa.

Kiingereza hakitatoka leba wodi, na sioni haja kitoke. Daktari wa Eldoret akimpigia mwenzake wa Kitale usiku, "PPH" inaokoa muda, na muda ni damu. Lakini mwenye mwili awe na maneno hayo pia. Kama dada yako anaenda kliniki wiki hii, mwambie abebe kadi na maswali matatu: hii herufi inamaanisha nini, ni dalili gani zinirudishe hapa usiku, na mkitaka kunipasua mtaniambia sababu kwa lugha gani?