Hadithi za Kutisha: Tuzisomeje?

Jioni, moto ukiwaka, mtoto humwambia nyanya yake: «Utusimulie tena ile ya zimwi.» Nyanya akianza, mtoto huficha uso katika nguo ya mama yake. Walakini hataki hadithi ikome, na kesho ataiomba tena. Sisi twamcheka, lakini tu vilevile. Tukipata kitabu cha hadithi za wafu, za nyumba zisizokaliwa na watu, za mambo ambayo asili yake haijulikani, twakisoma mpaka mafuta ya taa yaishe.

Kwa nini mtu mwenye taabu zake za kutosha atafute hofu nyingine katika kitabu? Na hofu hiyo yamfaa au yamdhuru? Tusiharakishe kujibu. Tuangalie kwanza hadithi fupi za namna hii zilitoka wapi, ni nani walioziandika, na watu walizipokeaje.

Tuanze katika Ujerumani. Mwaka 1776, katika mji wa Königsberg, alizaliwa E.T.A. Hoffmann. Alisoma sheria, akawa hakimu, na miaka yake ya mwisho alikuwa katika baraza la hukumu la Berlin. Kazi yake ilikuwa kupima ushahidi: hili ni kweli, hili ni uongo. Lakini nje ya kazi hiyo aliandika hadithi za ajabu kabisa. Iliyojulikana zaidi, «Mtu wa Mchanga», ilitoka mwaka 1816. Ndani yake mna mtoto anayeambiwa na yaya mzee kwamba usiku huja mtu mbaya kuwatupia mchanga machoni watoto wasiotaka kulala; macho yakidondoka huyachukua, akawalishe watoto wake kwenye mwezi. Mama yake amwambia si kweli. Mtoto hasadiki maneno ya mama. Asadiki ya yaya. Anakua, anakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini hofu ile haimtoki. Kila mgeni asiyempendeza amwona kuwa ndiye yule mbaya. Mwisho anapatwa na wazimu, anajitupa toka juu ya mnara, anakufa.

Hakimu Hoffmann alijua neno moja: hadithi ya kutisha ikisikilizwa kama hadithi hupita, ikisadikiwa kama habari, yaweza kumla mtu maisha yake yote.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Huko, katika mji wa Boston, mwaka 1809, alizaliwa Edgar Allan Poe. Baba na mama yake walikuwa waigizaji wa michezo. Baba aliwaacha, mama akafa mwaka 1811, mtoto hajatimiza miaka mitatu. Mfanyabiashara mmoja wa tumbako katika mji wa Richmond akamlea, lakini walipogombana alimwacha bila urithi. Tangu hapo Poe aliishi kwa kalamu yake, na kalamu ilimlisha vibaya. Alihama mji kwa mji, akitumikia magazeti, mara nyingi bila fedha ya kutosha.

Magazeti hayo ndiyo yaliyozifanya hadithi zake kuwa fupi. Lakini Poe alikuwa na sababu nyingine pia. Mwaka 1842 alieleza kwamba hadithi nzuri husomwa katika kikao kimoja, kwa nusu saa, saa moja au mbili. Mtu akiweka kitabu chini ili akafanye kazi nyingine, mambo ya dunia huingia kati na kuvunja nguvu ya maneno. Basi mwandishi achague kwanza neno moja analotaka liguse roho ya msomaji, halafu asiandike hata sentensi moja isiyosaidia neno hilo. Hata leo waandishi wengi wa hadithi fupi wafuata shauri lile.

Tuone alivyolitumia. Januari 1842 mke wake Virginia alianza kutoka damu mdomoni: kifua kikuu. Miezi michache baadaye, mwezi wa Mei, Poe alitoa hadithi ya mwana wa mfalme aliyekimbia tauni. Mtu yule akusanya rafiki elfu moja, wajifungia katika nyumba kubwa yenye kuta nene, wafunga makomeo ya chuma yasifunguke tena. Nje watu wafa. Ndani wanywa na kucheza. Usiku mmoja, katikati ya ngoma, aonekana mgeni aliyevaa kama maiti ya tauni. Wamkamata, wavua mavazi yake: kumbe, ndani hamna mtu. Wote wafa. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa, maana kipindupindu kilikuwa kimeingia Marekani mwaka 1832. Na sisi tuliopitia magonjwa ya kuambukiza katika siku zetu tunajua vema kwamba ukuta wa tajiri hauzuii kifo. Virginia alifariki mwaka 1847, umri wake miaka 24.

Hadithi nyingine ilitoka Januari 1843 katika gazeti la Boston lililodumu miezi 3 tu. Mtu mmoja asimulia mwenyewe jinsi alivyomwua mzee asiyemkosea neno lolote. Hakutaka mali yake. Alichukia jicho lake tu. Amficha chini ya mbao za sakafu. Askari watatu waja kuuliza, naye awakaribisha kwa furaha, aweka kiti chake juu ya mahali pale pale penye maiti. Waongea, wacheka. Mara asikia kitu chadunda: moyo wa mzee! Wadunda kwa nguvu, wazidi, wazidi. Askari hawasikii kitu. Yeye hawezi tena kuvumilia, apiga kelele na kuungama kosa lake.

Msomaji, watazame vizuri waliomo. Hamna zimwi humo, wala mchawi, wala mfu aliyefufuka. Mna mtu mmoja mwenye dhamiri. Poe atutisha kwa kutuonyesha kwamba ubaya haukai msituni. Wakaa katika nyumba yetu, chini ya kiti chetu. Mtu amalizapo kuisoma hamtazami jirani yake. Ajitazama mwenyewe.

Lakini Poe huyo huyo alicheza na moto. Desemba 1845 alitoa habari ya mgonjwa anayelazwa usingizi na mtu mwenye ujuzi wa namna hiyo, wakati anapokata roho. Mwili wafa, lakini ulimi waendelea kujibu, miezi karibu saba. Poe hakuandika kwamba ni hadithi. Aliiandika kama taarifa ya daktari. Watu wengi wakasadiki. Katika London ilichapwa tena kama habari ya kweli, na mtu mmoja wa Scotland akamwandikia Poe ili aulize. Poe akajibu kwamba alikuwa amewadanganya tu. Pengine alicheka. Lakini yule wa Scotland alikuwa mtu mwema aliyetaka kujua ukweli juu ya kifo, nacho kifo si jambo la kuchezea watu. Poe mwenyewe alikufa katika hospitali ya Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, na hata leo madaktari hawapatani juu ya ugonjwa uliomwua.

Katika nchi yake wengi walimsema vibaya. Ufaransa ilimpa heshima. Charles Baudelaire, mtunga mashairi wa Paris, alipoyasoma maandiko yake aliona kama amepata ndugu. Akaanza kumfasiri mwaka 1848, na toka 1856 mpaka 1865 alitoa vitabu 5. Kwa Kifaransa hicho hadithi za Poe zikaenea Ulaya, nasi tusomao Kifaransa katika Kongo huzipata kwa kalamu ya Baudelaire.

Karne ya 20 hadithi hizi zikapata gazeti lao wenyewe. Jina lake Weird Tales, maana yake hadithi za ajabu na za kutisha. Lilianza Chicago, Machi 1923, kwa karatasi za bei rahisi, likaishi mpaka Septemba 1954. Aliyejulikana zaidi kati ya waandishi wake ni H.P. Lovecraft, aliyezaliwa mwaka 1890 akafa maskini mwaka 1937. Hakusadiki Mungu. Hadithi zake zasema kwamba mtu ni mavumbi tu mbele ya nguvu kubwa zisizomjali. Alijua kuandika, hatukatai. Lakini aliwadharau watu weusi na wageni, na dharau hiyo yaonekana wazi katika baadhi ya hadithi zake. Humo mgeni mwenye ngozi nyingine huja pamoja na ubaya na uchafu. Ona tofauti! Poe aweka ubaya katika moyo wa msimulizi mwenyewe. Lovecraft, mara nyingi, auweka katika uso wa mtu mwingine. Hofu ya kwanza yatufundisha. Hofu ya pili yatutafutia adui.

Waswahili nao hawakukosa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa mwaka 1960 kitabu chake «Mzimu wa Watu wa Kale». Si hadithi fupi, lakini chafaa hapa. Mtu auawa, na mahali penyewe ni pa mzimu. Wengine wangesema: mzimu umemwua, basi. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, hakubali. Auliza, apima, afuata nyayo za watu wenye damu na nyama. Msomaji aogopa kwanza, halafu afundishwa kufikiri.

Sasa twaweza kujibu swali letu. Hatuwaambii wazazi wafunge vitabu hivi sandukuni. Hofu ya kitabu ina mpaka: ina ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na mtu huifunga kwa mkono wake. Ndani ya mpaka huo mtu ajizoeza kutazama kifo, msiba na hatia, mambo ambayo mchana huyakimbia. Lakini tukimaliza kusoma tujiulize: je, nimejua kwamba hii ni hadithi? Na mwandishi ameuweka ubaya mahali gani?

Kwetu maswali haya si mchezo. Tunajua nyumba ambamo mtoto aliota ndoto mbaya, au mjomba aliugua, mara hadithi ya usiku ikageuzwa habari ya mchana, na mtoto au bibi kizee akaitwa mchawi, akafukuzwa. Nchi yetu imeweka sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayomwadhibu mtu amsingiziaye mtoto uchawi. Sheria ni njema. Lakini askari hafiki katika kila jiko, penye moto na masimulizi ya jioni. Huko tunafika sisi, wazazi na wakubwa.

Basi mama, baba, nyanya, wasimulieni watoto hadithi ya zimwi, waogope, wafurahi. Ikiisha, msiwapeleke kulala bila kuwaambia neno ambalo mama wa yule mtoto wa Hoffmann alimwambia, naye asilisikie: ni hadithi, mwanangu. Na mtoto akiuliza mara ya pili, jibuni mara ya pili, mpaka asadiki.