Nisahihishie, Niharirie, Nichambulie

Siku ya soko hapa Cheptais, kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili hadi kidato cha nne alinikuta nikichagua mbegu za maharagwe. Mkononi alikuwa na madaftari mawili manene yaliyofungwa pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Aliniamkia, kisha akanikabidhi. "Mwalimu, nimeandika riwaya. Naomba unisahihishie."

Jioni hiyo nilikaa na kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza ulipoisha ulikuwa kama umekwaruzwa na paka: herufi kubwa hapa, upatanisho wa kisarufi pale, koma kule. Nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na nne nilipotambua kwamba sijui kisa kinakwenda wapi. Msichana anataka kuvuka mto wa mpakani pale Lwakhakha kumtafuta kaka yake. Lakini kabla hajavuka amepika, ameosha vyombo, na ameikumbuka harusi ya shangazi yake tangu posa hadi vigelegele. Riwaya ilikuwa bado imelala, nami nilikuwa naichana nywele.

Kilichotuponza sote wawili ni kitenzi. Aliomba kusahihishiwa, nami nikasahihisha. Huko Uarabuni neno sahihi lilikotoka, kitu sahihi ni kitu kizima, chenye afya, na kwa maana hiyo kusahihisha ni kutibu. Darasani kwetu tiba hiyo imebaki kuwa wino na alama. Insha ya KCSE hutolewa alama 20, na mtahini huanza kwa kuiweka katika kiwango chake, A ikiwa ni 16 hadi 20, D ikiwa chini ya 6. Kijana aliporudi wiki iliyofuata, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nimepata ngapi?"

Nikaanza kutafuta kitenzi kingine. Fasihi yetu ina istilahi tele za kuzungumzia kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Kyallo Wadi Wamitila aliziandalia kamusi nzima mwaka 2003. Taabu iko kabla ya hapo, pale kazi ikiwa bado daftarini na mwenyewe hajui kama ameandika au ameparuza.

Hata jina la kitu chenyewe lina vituko. Tunakiita mswada, na Watanzania muswada. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye mzizi wa weusi: mswada ni karatasi iliyotiwa weusi, rasimu yenye mikwaruzo. Waandishi wa kale wa Kiarabu waliitofautisha na nakala safi, ambayo jina lake lilitoka kwenye mzizi wa weupe. Kwa hiyo neno lenyewe linamkumbusha mwandishi kwamba alichonacho bado hakijatakata. Lakini Kenya mswada umehamia bungeni. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, ukisema ndani ya matatu ya kwenda Bungoma kwamba una mswada, abiria wa pembeni atakuuliza ni wa kodi gani. Wenzetu wa filamu wamejiepushia balaa hilo kwa kusema skripti.

Je, tuseme kuhariri? Hilo ni neno la fahari. Kwa Waarabu, kitenzi hicho kinabeba pia maana ya kumweka mtu huru, na kamusi zao huweka chini ya mzizi huo huo kitambaa laini tunachokiita hariri. Mhariri mzuri hufanya yote mawili: huifungua sentensi minyororo, kisha huilainisha. Ila mhariri anahitaji kitu kilichokwisha kusimama. Kumpa riwaya iliyolala ni kumshonea mgonjwa suti.

Kuhakiki kuna haki na hakika ndani yake. Mhakiki hupima kama madai ya kazi ni ya kweli, lakini tumemzoea akizungumza na wasomaji wa kitabu, mwandishi akiwa amekaa kando akisikiliza kama mshtakiwa. Mrejesho, neno linaloshika kasi siku hizi kwenye warsha na semina, latokana na kurejesha. Linatuambia kwamba kitu kimerudi, na halisemi kimerudi kikiwaje. Hata chenji hurejeshwa.

Tathmini nayo imezaliwa na thamani. Kutathmini ni kutia bei, na biashara hii ya kuwasomea waandishi chipukizi kwa malipo imeng'ang'ania neno hilo kwa sababu linanukia utaalamu. Mwenzi mmoja wa kijana wangu alimtumia mtu wa mjini pesa kwa M-Pesa ili riwaya yake ifanyiwe tathmini. Akapata mistari sita, wa mwisho ukisema kazi ni nzuri, aendelee. Sitamwita mtu huyo tapeli. Aliombwa kutia bei, akatia, na bei haimwambii mkulima kwa nini mahindi yake yalidumaa.

Kwingineko wamegawana kazi hii mafungu, na kila fungu lina jina na ada yake: kuna anayetazama mifupa ya kisa, kuna anayetazama sentensi, na wa mwisho hukimbizana na koma. London kuna The Literary Consultancy, iliyoanza kuwasomea waandishi miswada kwa malipo mwaka 1996. Marekani, Franklin Leonard alianzisha The Black List mwaka 2005 kama orodha ya skripti zilizopendwa ambazo hazijawa filamu, na tangu 2012 mwandishi yeyote anaweza kulipa ili skripti yake isomwe na kupimwa. Msomaji wa skripti wa Hollywood huandika kurasa chache za muhtasari na maoni, kisha hufunga kwa uamuzi wa neno moja: iachwe, ifikiriwe, au ipendekezwe.

Tusidhani jambo hili ni geni kwetu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa na kazi ya kuwatia moyo waandishi wa Kiafrika, na pia kukipitia na kukirekebisha Kiswahili cha vitabu kabla havijachapishwa. Kilichopita kilipewa kibali. Tatizo ni kwamba kamati ya wakoloni ilitazama zaidi kama Kiswahili kimefuata kanuni za usanifishaji. Hiyo ndiyo kalamu nyekundu niliyoirithi, na ndiyo niliyompakia yule kijana.

Kitenzi nilichokipenda kuliko vyote ni kukosoa. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Choma, chomoa. Basi na kosa, kosoa! Kwa umbo lake, kukosoa ni kulichomoa kosa, kama mtu anavyomtoa mwenzake mwiba wa mguuni. Lakini nenda ukamwambie mtu, "Nimekuja kukukosoa," uone kama utakaribishwa chai. Matumizi yamelipindua neno, na mkosoaji sasa ni mtu wa kuogopwa. Maneno hayatii amri ya mwalimu wa sarufi.

Ndipo nikakumbuka pamba. Ukisimama huku juu mlimani asubuhi isiyo na ukungu, unaona bonde likiteremka kuelekea Malakisi, ambako wakulima wa nyanda za chini walikuwa wakipeleka pamba yao kwenye kiwanda cha kuichambua. Kabla ya kuwa neno la fasihi, na muda mrefu kabla ya kuwa la watangazaji wa soka, kuchambua kulikuwa ni kuzitenga mbegu na nyuzi. Mama anayeinamia ungo wa maharagwe mlangoni anachambua. Mkulima wa kahawa wa mteremko huu, kabla ya kufika kwenye mizani ya chama cha ushirika, humwaga buni zake chini na kutenga nyekundu na za kijani. Anayesema anataka kujua mbivu na mbichi si lazima awe mshairi. Pengine anapeleka kahawa kiwandani.

Nililipenda neno hili kwa sababu mbili. Kwanza, mchambuzi haongezi kitu. Hakuna uzi wa kwake anaousokota ndani ya pamba ya mwenzake, na hilo ndilo jaribu kubwa la sisi tunaopenda kalamu: tunamsomea kijana riwaya kisha tunaiandika upya kwa sauti yetu. Pili, kinachotolewa hakitupwi. Nyuzi huenda kwenye nguo, mbegu hurudi shambani au hukamuliwa mafuta. Kalamu nyekundu hukata, na kilichokatwa hufa.

Waandishi wa hapa wanahitaji sana mchambuzi wa aina hiyo, kwa kuwa wako mbali na wachapishaji wa Nairobi, na tuzo haziwezi kujaza pengo hilo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imepokea miswada na kuwainua waandishi wengi, lakini kazi ya jaji ni kuchagua mshindi. Wanaoshindwa hubaki wakijiuliza. Wenzetu wa filamu wameonyesha njia nyingine: Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilitokana na warsha ya One Fine Day Films, ambamo vijana walifanya kazi wakiwa na walezi kando yao. Mlezi. Hilo nalo neno la kuwekwa akiba.

Wala tusiseme kwamba nchi hii haina kisa cha kuandikwa. Ken Walibora, mzaliwa wa kaunti hii ya Bungoma, alimtoa Kongowea Mswahili huko Tanga akamleta hadi Kitale katika Siku Njema ya mwaka 1996. Wanafunzi wangu walipoisoma darasani, walishangaa kwamba mji wanaoenda kununua viatu unaweza kuwa mwisho wa safari ya riwaya. Aliyeandika madaftari mawili kuhusu Lwakhakha ni mjukuu wa mshangao huo.

Istilahi, tukifuata mzizi wake, ni ndugu wa suluhu na maslahi. Ni mapatano: watu wawili wamekubaliana neno hili litabeba nini, ili wasije wakagombana kesho. Mimi na kijana wangu hatukuwa tumepatana. Nilimwita, nikamweleza habari za kiwanda cha pamba, tukakubaliana kwamba anachoomba ni kuchambuliwa, na kwamba alama hakuna. Nikamwandikia kurasa tatu kwa kalamu ya kawaida. Kisa kinaamkia pale mtoni, nilimwambia, basi kianzie pale. Kaka anayetafutwa hana sauti, mpe barua au ndoto. Sentensi tutazihariri mwisho, pamoja na koma zake. Na harusi ya shangazi, kurasa zote kumi na moja, haimo.

Alinyamaza. Ni kurasa alizozipenda, ilionekana.

"Kwa hiyo nizichane?"

"Harusi ni mbegu," nikamwambia. "Wewe umeshamwona nani hapa Cheptais akitupa mbegu?"

Akafungua ile tyubu ya baiskeli, akazinyofoa zile kurasa kumi na moja moja baada ya nyingine, akazikunja, akazitia mfuko wa shati.