Studios Kabako na Wafu wa Jukwaani

STUDIOS KABAKO ni kundi la wacheza dansi, waigizaji na wanamuziki, lililoasisiwa Kinshasa mwaka 2001 na Faustin Linyekula, likahamia Kisangani mwaka 2006. Linyekula alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, mwisho wa reli ya kilomita 125 ianziayo Lubunga, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, ambayo ilifunguliwa mwaka 1906 ili wasafiri na shehena waepukane na Maporomoko ya Boyoma. Huko Lubunga, ambako mtu wa katikati ya mji hafiki ila kwa kupanda chombo, kundi hili limeendesha kazi zake za sanaa, na kadhalika limeshughulikia usafishaji wa maji ya kunywa.

Ama kuhusu wafu na jukwaa, majumba makuu ya opera ya Ulaya aghalabu husimuliwa kuwa na mzimu wake. La Paris, lililofunguliwa mwaka 1875 juu ya ardhi iliyojaa maji, lilipata msiba mwaka 1896, uzani wa thurea kubwa ulipoanguka ukamwua mwanamke mmoja; na kwa habari hizo Gaston Leroux akatunga riwaya yake mashuhuri ya mwaka 1910. Kisangani, mji ulioshuhudia majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana siku sita mwezi Juni 2000, raia kwa mamia wakiangamia, hauna haja ya kubuniwa mzimu.

Jina la kundi lenyewe ni la rafiki marehemu wa Linyekula, naye ndiye anayeombolezwa katika mchezo wa Dinozord, ulioonyeshwa Vienna mwaka 2006 katika tamasha la kuadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa Mozart. Humo Serge Kakudji, mwanamume mwenye sauti nyembamba ya juu, huimba Misa ya Wafu, kazi ambayo Mozart alifariki mwaka 1791 kabla hajaitimiza. Hekaya yasema kwamba mgeni asiyetaja jina alimwendea kuiagiza, naye mtunzi akamdhania kuwa mjumbe wa mauti. Hali hakika ni kwamba mgeni huyo alitumwa na Count Walsegg, aliyefiwa na mkewe mwaka huohuo.

Basi chini ya hekaya ya mzimu palikuwa na matanga ya mgane, na hilo ndilo Dinozord inalolidhihirisha: kwamba jukwaa hutimiza wajibu wake kwa wafu linapowataja kwa majina, kuliko linapowageuza kuwa kitisho kwa walio hai.